Barua ya Wazi kwa Wahasibu wa Ukarimu

Kwa Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD,
Paris.

YAH: UGANDA KUSAJILIWA KUWA NCHI MHISANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwandishi wa barua hii anaipongeza Kamati kwa kazi yake isiyo na shukrani, ya kuamua kipi kiitwe msaada na kipi kisiitwe. Bila Kamati, walimwengu wangeendelea kudhani kwamba msaada kwa nchi za nje sharti utoke nje.

Uingereza imethibitisha kwamba si lazima. Mwaka 2022 ilitumia pauni bilioni 12.8 kwa misaada. Kati ya hizo, pauni bilioni 3.7, karibu asilimia 29, ziliishia humohumo Uingereza kuwahudumia wakimbizi na waomba hifadhi, kwa kuwa kanuni za Kamati zinaruhusu gharama za miezi 12 ya mwanzo zihesabiwe. Hivyo mwenye hoteli akilipwa kitanda, chai ya asubuhi na shuka zilizofuliwa, huandikwa kwamba nchi maskini zimesaidiwa. Fedha hiyo haikupanda ndege wala haikuomba viza. Ujerumani na Ufaransa nazo huandika gharama za wanafunzi wa kigeni walio katika vyuo vyao.

Mwandishi hana kinyongo na mkimbizi kulala pasafi. Kinachomkera ni daftari.

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Kongo. Nakivale, wilayani Isingiro, ilianza kuwapokea Wanyarwanda zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kule Bidi Bidi, wilayani Yumbe, familia iliyovuka mpaka na mabegi kichwani ilipimiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30, ikapewa turubai na miti ya kujengea, ikaanza kulima mboga mlangoni. Ardhi ni ya wenyeji, ambao wenyewe hawana cha ziada. Paris hawajaandikiwa hata senti. Katika daftari la Kamati, Uganda ni mpokeaji tu. Tanzania nayo, iliyowapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa wimbi la mwaka 1972, haimo kwenye orodha ya wahisani.

Pengine Kamati itajibu kwamba uhisani ni nia. Sawa, nia nayo ipimwe. Uingereza ilitoa pauni milioni 234 kwa bwawa la Pergau nchini Malaysia, msaada uliofungamanishwa na mauzo ya silaha. Mtendaji mkuu wa idara ya misaada, Tim Lankester, alipinga kwa maandishi. Waziri Douglas Hurd akaamuru zilipwe. Mwaka 1994 Mahakama Kuu mjini London ikasema malipo hayo hayakuwa halali. Marekani nayo ilipimwa: Yemen ilipopiga kura ya hapana katika Baraza la Usalama Novemba 1990, kupinga vita dhidi ya Iraq, iliikatia msaada wa dola milioni 70. Nia ilijulikana siku hiyo, na bei yake pia.

Kwa hiyo mwandishi anaomba kuelekezwa fomu ya uanachama inapatikana wapi. Aidha, Kamati ifafanue: kiwanja cha Yumbe kithaminiwe kwa bei ya chumba cha hoteli ya London, au ya Manchester? Waganda hawana makuu, watakubali hiyo ya Manchester.