Mimi Si Wakili, Jamani

Mimi si wakili. Nimelisema msikitini, nimelisema harusini, na juzi nimelisema kwenye simu nikiwa na povu la sabuni kichwani, lakini Waswahili wa mji huu hawasikii. Kosa langu ni kujua koma inakaa wapi katika Kiingereza. Basi kila aliyekatwa posho ya serikali hapa Uingereza lazima apite kwangu, na bahasha yake ya kahawia, na chai anakunywa.

Mlio nyumbani niwaeleze kidogo. Huku ukikosa kazi unaomba Universal Credit. Mtu asiye na mwenza, aliyetimiza miaka 25, katika mwaka wa fedha 2025/26 kiwango chake cha msingi kilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi, kodi ya nyumba ikihesabiwa kando. Tafadhali msizigeuze shilingi mkaanza kutuma orodha ya viatu. Hizo ni chakula, umeme, nauli na vocha, katika nchi ambayo nyanya wanaipima kama dhahabu. Kabla ya kuzipata unatia saini ahadi kwamba utatafuta kazi, kwa kawaida saa 35 kwa wiki, yaani kutafuta kazi nako ni kazi ya kutwa, ila haina bosi wa kumsengenya wala pilau ya mwisho wa mwaka. Na ukipewa kazi ukaikataa pasipo sababu ya msingi, unakatwa. Mara ya kwanza siku 91. Ukirudia ndani ya mwaka, siku 182.

Sina ugomvi na kanuni yenyewe. Nami nalipa kodi, na wapo watu nawajua ambao kitanda chao kinajua umbo la mgongo wao kuliko mke anavyolijua. Kinachonikera ni namna hukumu inavyopatikana. Yule mshauri wa kazi unayekaa naye ana kwa ana, anayekuuliza habari za watoto, siye anayeamua. Yeye anapeleka faili kwa mtu mwingine, mwamuzi, ambaye hujawahi kumwona na hatakuona. Sheria haikumwandikia orodha kamili ya sababu za msingi. Imemwachia apime mwenyewe. Na atapima nini, masikini, zaidi ya maneno uliyoyaandika? Kwa hiyo kinachoadhibiwa hapa ni kutojua kujieleza. Mvivu anayejua kuandika anavuka salama, na mwenye haki asiyejua kuandika anakuja kunimalizia sukari.

Chukua binamu yangu. Alinipigia usiku, sauti ya msibani.

"Kaka, wamenikata."

"Umefanya nini tena?"

"Walinipa kazi kiwanda cha soseji. Za nguruwe."

"Ukawajibu nini?"

"Nikaandika: sipendi."

"Sipendi? Basi?"

"Sasa ulitaka nianze kuwahubiria?"

Huyu ni mtu wa swala tano. Sigda yake unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Mtoto wake akila peremende anasoma kwanza maandishi ya nyuma kama anayekagua hati ya kiwanja. Pingamizi la dini lililo la kweli ni miongoni mwa mambo ambayo mwamuzi anatakiwa kuyatia kwenye mizani, na mpaka hapo jambo lilikuwa dogo. Lakini binamu kalelewa Tanga, na kwao mtu mzima akikataa kitu anakataa kwa upole na kwa ufupi, hamwagi ya moyoni mbele ya karani. Akaandika neno moja la Kiswahili kwa maneno matatu ya Kiingereza, akafunga simu, akaenda kuswali. Upande wa pili mwamuzi akasoma kwamba kuna bwana mmoja haipendi kazi ya soseji. Ningekuwa mimi ningemkata pia.

Jirani yake sasa. Jina silitaji kwa sababu anasoma safu hii, tena ana nafasi ya kusoma magazeti yote. Huyu hajawahi kukataa kazi hata moja. Anaomba zote, anaitwa kwenye usaili, anafika mapema, kavaa tai. Akikaribishwa kuuliza swali, anauliza siku za ugonjwa zenye malipo ni ngapi, na je, ugonjwa huo unaweza kupangwa mapema. Kazi zinamkataa zenyewe. Sheria inaujua ujanja huu, ukivuruga usaili kusudi unaweza kuhesabiwa umekataa kazi. Haya, thibitisha wewe kwamba mtu alipiga miayo kusudi. Faili lake ni safi kama kanzu ya Idi.

Halafu kuna hizi kazi zenyewe wanazoziita zinafaa. Mwezi uliopita alikuja dada mmoja wa Mombasa, amepewa kazi ya kuhudumia wazee kwa mkataba usio na saa. Maana yake umeajiriwa, una sare, una kitambulisho chenye picha mbaya, lakini hakuna aliyekuahidi hata saa moja ya kazi. Unakaa na sare yako ukiitazama simu. Chini ya posho ya zamani ya watafuta kazi, kuukataa mkataba wa namna hiyo hakukuleta adhabu. Ilipokuja Universal Credit, serikali ikatangaza mwaka 2014 kwamba sasa unaweza kukatwa. Unaadhibiwa kwa kukataa saa ambazo mwajiri mwenyewe hajasema kama zipo! Nilipomweleza dada yule alinitazama muda mrefu, kisha akauliza kama kuna mandazi.

Usafiri je? Kwa kawaida unatakiwa kukubali safari ya hadi dakika 90 kwenda na 90 kurudi. Hapa nikilalamika, shemeji yangu wa Mbagala ananicheka kwenye simu mpaka anakohoa. Kwake dakika 90 ndiyo siku ambayo barabara ilikuwa nyeupe.

Anayeniudhi zaidi ya wote ni mjomba. Ana miaka zaidi ya 70, alifanya kazi viwandani huku mpaka akastaafu, na haamini kwamba duniani kuna kazi isiyofaa. "Kazi ni kazi," anasema, "asiyefanya kazi na asile." Namkumbusha, mjomba, wewe mwaka 1983 ulikuwa Dar es Salaam. Serikali ilipotunga sheria ya Nguvu Kazi, watu wakasakwa barabarani, asiye na kitambulisho cha kazi akapandishwa lori kwenda kulima. Mdogo wako si walimchukua akiwa ametoka kununua mkate?

"Walimrudisha," anasema mjomba.

"Baada ya kujieleza."

"Baada ya baba kwenda kujieleza."

Nikanyamaza, maana alikuwa amenisaidia bila kujua. Bila ya baba mwenye ulimi, yule kijana angelima.

Lakini mjomba hakati tamaa. Anasema adhabu ikizidi kuwa kali, watu watafanya kazi. Ukali huo Waingereza wameujaribu muda mrefu. Sheria yao ya bima ya mwaka 1911 ilitoa shilingi 7 kwa wiki kwa wafanyakazi wa sekta chache, na aliyeacha kazi mwenyewe bila sababu ya haki alinyimwa wiki sita. Wiki sita hizo zikadumu kama kikomo hadi 1986, zikawa 13. Mwaka 1988 zikawa 26. Mwaka 2012 wakafika miaka mitatu kwa aliyerudia tena na tena. Miaka mitatu! Kuna wezi wa kuku wametoka jela mapema zaidi. Novemba 2019 wakaifuta hiyo, kikomo kikarudi miezi sita. Mwezi huohuo mahakama ya katiba ya Ujerumani ilikuwa imeamua kwamba kumpunguzia mtu zaidi ya asilimia 30 ya posho ya kujikimu kwa sababu kama hizi ni kinyume cha katiba. Mjomba akasema Wajerumani wamelegea siku hizi.

Nikamtolea hesabu, kwa kuwa mjomba ni mtu wa hesabu, hata sadaka anaidai chenji. Ripoti ya ofisi ya taifa ya ukaguzi ya Novemba 2016 ilionyesha kwamba mwaka 2015 adhabu hizi zilizuia posho za pauni milioni 132, huku milioni 35 zikirudi kwa watu kama malipo ya dharura, na kuziendesha adhabu zenyewe kuligharimu kati ya milioni 30 na 50 kwa mwaka. Hapo bado hujahesabu chai yangu. Na hayo malipo ya dharura nayo ni kichekesho chake. Ukiwa umekatwa na huna kitu kabisa, unaweza kuomba asilimia 60 ya kile ulichokatwa. Wakikupa, unakuja kuzilipa. Yaani unakopeshwa posho uliyonyang'anywa.

Turudi kwa binamu. Tuliketi mezani, tukaandika barua ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kazi haikuwa ndogo, maana hakutaka neno nguruwe litokee chini ya jina lake. Nikamwambia bila nguruwe hakuna kesi. Mkewe akapaza sauti kutoka jikoni, "Shemeji, mwandikie pia kwamba hata nyumbani hapiki!" Nikaandika yaliyohusu: dini yake, tangu lini, kwamba kazi ilikuwa ya kuishika nyama hiyo kwa mikono zamu nzima, kwamba kiwanda cha mikate angekwenda hata kesho. Aya moja na nusu. Wiki kadhaa baadaye jibu likaja, adhabu imefutwa, pesa zinarudishwa. Mtu yuleyule, kazi ileile, nguruwe yuleyule. Kilichoongezeka ni aya moja na nusu.

Badala ya kushukuru kimyakimya, binamu akatangaza msikitini kwamba ameshinda kesi na wakili wake ni mimi. Tangu hapo nyumba yangu ina foleni.

Kwa hiyo naomba hivi, ndugu zangu mliopo huku. Mkiulizwa kwa nini mmekataa kazi, andikeni sababu yote siku hiyohiyo, kwa lugha yoyote mnayoiweza, hata ikiwa na aibu, hata ikihusu dini, mgongo au mtoto wa kuchukuliwa shule. Mkikatwa, mna mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya, na wakikataa, kukata rufaa kwenye baraza hakulipiwi hata senti. Msije kwangu siku ya mwisho saa ya mechi. Na kama sababu yenu ni kwamba zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na nyinyi ni watu wa usingizi, msije kabisa, maana hapo mimi na mwamuzi ni kitu kimoja.