Kocha Asiye na Kidole Gumba

Timu ya wanyama wa Unguja ilipokabidhiwa kwa Kima Punju wa Jozani, jambo la kwanza kuzungumzwa barazani lilikuwa mkono wake. Kima punju hana kidole gumba, na Paka Shume wa Jaws Corner alitaka kujua kocha wa namna hiyo atashikaje filimbi. La pili lilikuwa chakula chake. Alikuwa ameonekana juu ya mwembe anatafuna kipande cha mkaa alichookota nyuma ya jiko la watu.

"Chui alikuwa anakula nyama," alisema Mbuzi wa Kikwajuni kwa majonzi, ingawa jamaa zake wengi waliliwa na huyo Chui, kocha wa zamani.

Baraza la wanyama hukutana pale pale wanapokutana wanadamu, wenyewe wakishakwenda kulala, dhumna zimekusanywa na madele ya kahawa yameoshwa. Paka Shume ndiye msemaji mkuu, kwa sababu mchana kutwa hulala chini ya mabenchi na kusikia kila linalosemwa. Kulinganisha makocha alijifunzia hapo. Januari 2024 aliwasikia watu wakimjadili Hemed Suleiman 'Morocco', aliyekabidhiwa Taifa Stars katikati ya AFCON kule Ivory Coast baada ya CAF kumfungia Adel Amrouche mechi 8. Stars walikuwa wameanza kwa kufungwa 3-0 na timu ya nchi ya Morocco; chini ya kocha huyu wa kwetu wakatoka sare 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Kongo. Mmoja akasema hicho si kitu, enzi za Joel Bendera tulikwenda Lagos mwaka 1980. Mwingine akamtaja Emmanuel Amunike aliyewapeleka Misri mwaka 2019. Hakuna aliyekumbusha kwamba Lagos tulifungwa mechi mbili na kupata sare moja, wala kwamba Misri tulifungwa zote tatu. Wala hakuna aliyesema kwamba mwaka 1980 zilicheza timu 8 na mwaka 2019 timu 24, kwa hiyo hata hao wawili hawawezi kuwekwa kwenye mizani moja. Novemba 2024 kocha Morocco aliifunga Guinea 1-0 akaipeleka Stars AFCON nyingine. Mwaka mmoja baadaye akampisha Miguel Gamondi, na barazani ikawa zamu ya Gamondi kupimwa kwa Morocco.

Haya nayaleta ndani ya hekaya kwa sababu yananiuma. Morocco huyo huyo aliifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Kombe la Chalenji mwaka 2017 kule Machakos. Vijana walitoka 2-2 na Kenya, wakashindwa kwa penalti 3-2. Miezi michache kabla ya hapo, Julai, CAF ilikuwa imeifutia Zanzibar uanachama iliopewa Machi. Vijana waliingia uwanjani wakijua kwamba njia ya kwenda AFCON kwa jina la Zanzibar imefungwa tena, na bado wakafika fainali. Kumchukua kocha wa kikosi hicho ukampima kwa kombe ambalo Zanzibar ililitwaa Uganda mwaka 1995, bila kutaja aliyokabiliana nayo, ni kumdhulumu. Wanadhulumiwa pia wale wachezaji, kwani wanaambiwa kila siku kwamba kizuri kilishapita zamani.

Basi Paka akaupeleka mtindo huo wa kulinganisha makocha kwa wenzake, nao wakaupenda.

Chui ndiye aliyetajwa kwanza kila usiku. Chui wa Unguja waliwindwa sana miaka ya 1960, na hata leo anayedai kuwaona hubishiwa. Hapakuwa na mchezaji hata mmoja aliyemwona kwa macho yake, hivyo sifa zake hazikuwa na wa kuzipunguza. Bao la ushindi la enzi zake, dhidi ya wanyama wa bara, lilifungwa ndani ya kumi na nane. Msimu uliopita barazani lilikuwa limepigwa kutoka katikati ya uwanja. Sasa Mbuzi alikuwa akiapa kwamba lilipigwa kutoka Gulioni.

Kobe wa Changuu alitukanwa miaka yote aliyofundisha. Mashabiki walimwambia arudi kisiwani kwake akalale. Siku hizi husema, "Angalau Kobe hakuwa na papara."

Kwa Kunguru inafaa kutua kidogo. Yeye ukoo wake uliletwa na Waingereza miaka ya 1890 ili ule taka za mji, na kazi hiyo uliifanya. Alipopewa timu alishinda. Alisoma mchezo kutoka juu ya paa la Beit al Ajaib, kabla jumba lile halijaporomoka upande mmoja Desemba 2020, akashuka wakati wa mapumziko na kubadilisha kikosi kizima. Waamuzi walimwogopa. Paka alikuwa na matokeo yake yote kichwani, mechi kwa mechi, na hakuwa akidanganya hata moja.

Lakini katika matokeo hayo hamkuwa na viota. Kila alfajiri, kabla ya mazoezi, Kunguru alizunguka miti ya Migombani na Mnazi Mmoja akila mayai na makinda ya mnana, ya chozi, ya tetere. Shibe ile ndiyo iliyompa sauti ya kufundishia mpaka magharibi. Mawinga wote wa Unguja, tangu timu ianze, walitoka katika viota hivyo. Msimu wake wa mwisho ulipokwisha, kombe lilikuwa kabatini na timu ya vijana haikuwa na mtu. Akaondoka anashangiliwa, na aliyerithi pengo lile akawa Kima.

Kima alianza kwa sare ya bila kwa bila na wanyama wa Bagamoyo pale Mnazi Mmoja. Akafungwa moja na Tanga, akatoka sare tena. Mashambulizi yote yalipitia katikati, ambako mabeki wa wageni walikuwa wamejipanga wanawasubiri. Tena ikajulikana kwamba haonekani mazoezini alfajiri.

"Afukuzwe," alisema Paka. "Enzi za Kunguru tulikuwa tunatanua uwanja, bwana! Krosi kushoto, krosi kulia. Huyu anakula makaa tu."

Usiku huo Kobe mwenyewe alikuwepo, amevuka kutoka Changuu kwa dau la wavuvi. Mababu zake wanne walitoka Shelisheli mwaka 1919, naye umri wake ulipita miaka 100, hivyo pale barazani ndiye peke yake aliyewahi kumwona Chui akifundisha. Mbuzi alimgeukia kwa furaha.

"Shikamoo babu. Hebu waambie hawa vijana Chui alikuwaje."

"Marahaba, mjukuu wangu. Msimu wake wa kwanza alifungwa na Pemba mara mbili. Babu yako mzaa baba alisimama pembeni ya uwanja akapiga kelele kwamba Chui hajui mpira, arudi msituni. Nilikuwepo, nilimsikia."

Mbuzi akanyamaza.

"Kisha," Kobe akaendelea, "wakapatikana paa nunga wawili, kaka na mdogo wake, mmoja kushoto mmoja kulia. Walikimbia wale! Chui akaitwa fundi. Leo paa nunga wamebaki wachache, wamejificha misituni, na huyu Kima mnamtaka atanue uwanja kwa kutumia nani? Kaa?"

Kaa, ambaye ni golikipa, alikubali kwamba yeye hawezi.

"Na wewe, mwanangu Paka, umenihesabia mechi alizoshinda Kunguru. Mbona hukunihesabia alichokula? Mimi naye tuliifundisha timu hii hii. Nilimwachia vijana kumi na wanne. Yeye kamwachia mwenzake nini? Haya, nani kati yenu anajua Kima huwa wapi alfajiri?"

Hapakuwa na anayejua. Msimu mzima walikuwa wamemjadili mtu ambaye hawakupata kumfuata hata siku moja. Komba ndiye aliyeinua mkono, kwa kuwa yeye halali usiku. "Huwa Migombani," alisema. "Juu ya miti."

Wakaondoka wote kabla ya adhana ya alfajiri. Walimkuta Kima na ukoo wake wametawanyika juu ya mikungu na miembe, kila mmoja amekaa karibu na kiota. Kunguru watatu walikuwa wakizunguka juu. Wakishuka tawini, kima wanapiga kelele na kuwarushia makokwa. Kima Punju mwenyewe alikuwa na mkaa mdomoni.

"Majani machanga ya mkungu na ya mwembe yana sumu inayovuruga tumbo," aliwaeleza alipoulizwa. "Mkaa unainyonya. Nisipoula itanibidi nishuke kwenda kutafuta chakula kwingine, na mimi nikishuka, hawa wanafika. Nimekaa hapa tangu nilipopewa timu."

"Mbona hukutwambia?" aliuliza Mbuzi.

"Mliniuliza habari za filimbi."

Paka alitazama juu kwenye kiota cha mnana kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba na yeye yuko tayari kuchukua zamu.

"Wewe hapana, kaka Paka," alisema Kima. "Ahsante sana. Wewe utakaa kule barabarani, uwafukuze panya wanaopanda usiku. Komba atachukua zamu ya usiku, sisi mchana. Mbuzi atatuletea mkaa kutoka mjini."

Mbuzi alikubali. Akauliza makinda yataruka lini.

"Wiki tatu."

"Na kucheza winga?"

"Msimu ujao wataanza benchi. Ule wa baadaye, wakijaaliwa, wataanza wawili."

"Na mechi ya Ijumaa, kocha?"

"Ijumaa," alisema Kima, akimega kipande kingine cha mkaa, "tutapitia katikati."