Sifa za Tope la Mida

Bahari imesifiwa mpaka sifa zikaisha: lulu, jahazi, mchanga mweupe. Tope halina mshairi. Basi leo nalisifu mimi, na wenye viatu vyeupe wasogee pembeni.

Fika Mida, mkono wa bahari ulio nyuma ya Watamu, mwezi wa Aprili, masika yanapoanza kuzijaribu hema. Chagua siku za bamvua, ungoje maji yapwe. Hapo ndipo linapojitandaza, jeusi, liking'aa, likinuka yai viza. Harufu hiyo ni jasho la kazi: chini mle oksijeni haifiki, na bakteria wanaoishi bila oksijeni wanayaozesha majani ya mikoko na kutoa gesi ile ile ya yai lililoharibika. Marashi gani hukaa kwenye nguo kwa uaminifu huo?

Na ukarimu! Kuna kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini. Huja kwetu wa kijivu, hana mbele wala nyuma. Akishashinda msimu mzima akichokoa minyoo topeni, Aprili hiyo anavaa kifua chekundu cha harusi na kushika safari ya Siberia ya kaskazini, akazae theluji ikiyeyuka. Karamu yote hiyo hajachangia hata senti. Mla kaa naye, mweupe wa mgongo mweusi, huenda kutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani huko Ghuba na Oman. Kwetu hashiki jembe, anakula tu.

Wageni wa miguu miwili wasio na mabawa hutozwa ushuru: kandambili ya kushoto. Bwana mwenye darubini ya bei ya pikipiki akisimama kuuliza "yule ni ndege gani?", tope humshika kifundoni. Akivuta mguu, linasema "chwap!", na kandambili inabaki. Mtoto wa kijijini anapita kando yake, karibu na mizizi ya mchu iliyochomoza, anamwamkia "shikamoo" na kwenda zake kutafuta chambo. Hatimaye watu wakajenga daraja la mbao juu ya mikoko ili tope lisikanyagwe. Wafalme wangapi wamepewa itifaki hiyo?

Kule Gazi, Kwale, limeingia hata biashara. Tangu 2013 wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya kaboni, na sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imefukiwa topeni. Pesa zinakwenda kwenye maji na shule. Wewe umewahi kulipwa kwa kubana pumzi?

Wanaosema afadhali mchanga mweupe, waende wakahesabu ndege huko ufukweni. Watamkuta kunguru, naye kafuata chipsi.