Jibu Liko Kwenye Kiatu cha Kushoto

Uwanjani naitwa Profesa. Kalasini naitwa Mchezaji. Msidhani ni sifa: kila upande unanisukumia upande wa pili, kama mgeni aliyefikisha siku ya tatu na bado hajashika jembe.

Nasomea kilimo kwenye chuo kimoja hapa Kasongo, mwaka wa pili, kwa mara ya pili. Siku asistanti aliposema, "Kesho TP, asiyefika sifuri," nilishangilia peke yangu. Mimi TP ninayoijua ni Mazembe. Kumbe yeye alimaanisha kazi za vitendo, kulima saa kumi na mbili asubuhi.

Kocha naye ana lake. Tangu Maniema Union ya Kindu ifike makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024-25, ikapangwa na Mamelodi Sundowns, Raja na FAR Rabat, anaturusha kichura hadi magharibi. "Kindu watakuja kuwaona!" Waje kwa njia gani? Kwa barabara ile, mtu akiondoka Kindu kuja kutazama chenga zangu, atanikuta nabembeleza wajukuu.

Mlipaji wa minervali ni baba, kwa mpunga wake, na yeye anataka mtoto wa ofisini, wa kalamu na muhuri. Nikamweleza habari ya Sócrates, nahodha wa Brazili Kombe la Dunia la 1982: alisomea udaktari huku anacheza, na akaupata. Baba akamaliza sombe yake taratibu, akanawa mikono.

"Huyo daktari," akauliza, "alirudia mwaka wa pili mara ngapi?"

"Sijui, baba."

"Kaulize."

Basi Jumamosi tukaenda Kabambare kwa mechi ya kirafiki, watu watatu kwenye pikipiki moja, mimi katikati nimekumbatia silabusi nisome njiani. Nilisoma mgongo wa dereva. Viatu nilivyonunua ni namba 43, mguu wangu ni 40, kwa hiyo huwa najaza karatasi kwenye ncha. Siku hiyo karatasi iliyokuwepo ni silabusi ya udongo, ile tuliyolazimishwa kununua. Nikachana kurasa nilizoona haziwezi kuulizwa: mboji kiatu cha kulia, mmomonyoko kiatu cha kushoto. Vijana wa Kabambare wakatupiga tatu bila. Wallahi, la pili lilikuwa la kuotea.

Jumatatu, mtihani. Swali la kwanza, alama kumi: eleza sababu za mmomonyoko wa udongo na namna ya kuuzuia.

Nilijua kabisa jibu liko wapi. Ila viatu nilikuwa nimemwazima mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, na kalasi yetu inatazama uwanja. Nikamwona dirishani anaweka mpira chini, anarudi hatua nne. Anapiga kwa mguu wa kushoto, yule.