Mkate wa Kitunisia kwa Mikono ya Voi

Mitaani Tunisia huuzwa fricassé: mkate mdogo wa kukaangwa, unaopasuliwa ubavuni na kujazwa jodari, kiazi, yai, zaituni na harisa, lile rojo la pilipili ambalo UNESCO ililitia katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2022. Mtu wa Voi anaweza kuupika leo hii. Jirani akikuambia viungo vyake hupatikana Nairobi pekee, mpe kinu atwange.

1. Kanda. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha hamira, chumvi, vijiko viwili vya mafuta na maji vuguvugu. Unga huu ni ndugu wa mahamri, lakini hautaki iliki wala tui la nazi. Mkono ukikuwasha kushika kopo la iliki, ufunge kwa leso. Funika unga, na usiende mbali kupiga soga: kwa joto la Voi, utaukuta umemwagika nje ya bakuli.

2. Twanga harisa. Loweka pilipili nyekundu zilizokauka, uzitwange na kitunguu saumu, giligilani kavu, kisibiti na chumvi, kisha utie mafuta ya zaituni. Kisibiti kikikosekana, tia bizari nyembamba na uendelee na maisha. Mgeni anayejigamba kwamba pilipili haimwezi, mpakie ya kutosha. Maziwa yawe karibu, maana tunampenda.

3. Tafuta vya kujaza. Chemsha viazi na mayai. Jodari wa mkebe yuko dukani, lakini aliye karibu na Ziwa Jipe na amkaange samaki wa huko, amchambue, atoe miiba yote. Hapo hakuna cha kuonea haya. Zaituni zikikushinda bei, tia achari ya ndimu. Watunisia nao huweka limau lililokolezwa chumvi. Nyanya za kachumbari zifuate soko la Taveta, Jumatano au Jumamosi.

4. Kaanga na ujaze. Kata madonge ya kutosha kiganja, yaache yaumuke tena, uyakaange kwa moto wa wastani hadi ndani yaive. Pasua ubavu mmoja tu. Harisa itangulie ili mkate uinywe, kisha kiazi, samaki, yai, kachumbari, na zaituni au achari. Mayonezi ibaki dukani.

5. Kula ungali moto, kwa mikono. Anayeomba uma na kisu, msamehe, ila usimpe.

Nanyi mnaokaanga viazi karai na mahamri stejini Voi: karai mnalo, pilipili mnayo, na abiria wa Mombasa na Nairobi wanashuka na njaa kila siku. Uzeni mkate huu.