Sifa za Beringi Iliyochoka

Injini imesifiwa vya kutosha, na matairi yana wapambe wao. Leo niruhusiwe kumpamba asiye na mpambe: beringi ya gurudumu la mbele iliyochoka, ndani ya pikapu ya Land Cruiser ya miaka ya 1980, pamoja na jirani yake, pampu ya stelingi inayovuja.

Beringi iliyochoka haina unafiki. Breki inaweza kukunyamazia mpaka katikati ya mteremko wa Kitonga ndipo ikupe ukweli wake. Beringi huanza kunguruma mapema, na mwendo ukipanda nayo inapandisha sauti. Tena inajitaja. Kata kona kulia, uzito utalalia kushoto. Ngurumo ikizidi, mgonjwa yuko kushoto. Ukiwa bado na shaka, simama ukaguse habu: ile itakayokurudisha mkono kwa moto ndiyo hiyo. Ni watumishi wangapi unaowajua wanaotoa taarifa kamili namna hii bila posho ya kikao?

Na ukoo wake si wa kubeza. Mwaka 1898 Henry Timken, Mmarekani mtengenezaji wa magari ya farasi, alipata hataza ya beringi yenye roli zilizochongoka upande mmoja, ili ibebe uzito wa juu na ule wa ubavuni gari linapokata kona. Leo wajukuu wa beringi ile wanalisha wauza vipuri wa Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi na Kisekka Kampala. Anakula anayeuza beringi halisi, anakula anayeuza bandia ndani ya boksi la halisi, na mama ntilie anayewapikia wote wawili. Gurudumu langu likinguruma, kuna mtoto wa mtu analipiwa ada.

Beringi nzima haimpi fundi nafasi ya kuonyesha ufundi. Iliyochoka inampa. Anapandisha gari kwa jeki, anaweka stendi chini ya ekseli, anashika tairi juu na chini, analitikisa. Likicheza, anatabasamu, na bei inapanda hapohapo. Breki inafunguliwa na kuning'inizwa kwa waya isivute paipu. Kisha vinakuja vile vipete vya koni vilivyonasa kwenye stadi za habu, visivyosikia spana wala bisibisi. Fundi wa kweli habishani navyo. Anagonga kwa kipande cha shaba, huku kidogo, kule kidogo, mara vinachomoka vyenyewe. Nyuma yake kuna nati ya milimita 54, ambayo wasio na soketi yake huifungua kwa patasi na nyundo. Makovu yaliyo kwenye nati yangu ni orodha ya mafundi wote waliotangulia. Majina tu ndiyo hayapo.

Grisi inatoka nyeusi, ikimetameta unga wa chuma. Kikombe cha zamani kinang'olewa pia, kwa maana beringi mpya ndani ya kikombe kilichoumia ni ndoa ya miezi miwili. Fundi anaweka bonge la grisi kiganjani na kulisukumia beringi mpaka grisi itokee upande wa pili, kati ya roli na roli. Sili mpya, habu inarudi, nati inakazwa huku gurudumu likizungushwa, inalegezwa, inakazwa tena kwa adabu. Ukizidisha, beringi itaungua, ukipunguza, itacheza.

Pampu nayo nisiisahau. Mhandisi Francis Davis alihangaika na stelingi ya mafuta tangu miaka ya 1920, na magari ya abiria yenye stelingi hiyo yakaanza kuuzwa mwaka 1951, ili mikono ya dereva ipumzike. Pampu yangu, kwa huruma, ilinirudishia mazoezi. Watu wanalipia jimu kwa mwezi. Mimi nilikuwa napata mabega bure kila nilipogeuza gari sokoni. Na dawa yake ni ya kawaida mno: pampu inatengenezwa isivuje, kisha mpira wa kurudishia mafuta unachomolewa na kutumbukizwa kwenye chupa, magurudumu ya mbele yakiwa juu stelingi inazungushwa mwisho hadi mwisho, mafuta mapya mekundu yanaongezwa mpaka povu liishe.

Lakini fadhila kuu bado. Hakuna anayeazima gari linalonguruma. Shemeji yangu alifika nalo njia panda tu, akarudisha ufunguo kwa mikono miwili.

Sasa pikapu imenyamaza, na stelingi inazunguka kwa kidole. Jana shemeji kapiga simu. Ameulizia afya za watoto mmoja mmoja, kwa majina, halafu akataka kujua kama ni kweli gari limepona, maana ana magunia yake ya mahindi yanasubiri Kibaigwa.