Sifa za Panya, Jirani Mwema wa Morogoro

Simba amesifiwa kwa ushujaa, njiwa kwa upole na nyuki kwa bidii, na sifa hizo zimerudiwa mara nyingi hata wenye kusifiwa, lau wangalikuwa na masikio ya kusikia wanavyosemwa, wangaliona haya. Lakini panya, ambaye hakeshi kwa ajili ya mwingine yeyote ila sisi, ambaye huingia kwa tajiri na kwa fukara bila ya kubagua, na ambaye katika mji huu wa Morogoro amewapa maulamaa kazi, mshahara na heshima, hajapata kutajwa kwa wema ila na paka, naye paka humtaja kwa tamaa. Kwa kuwa dhuluma ikidumu huwa desturi, na desturi ikidumu huwa sheria, nimeona ni wajibu wa jirani kusimama na kumtolea panya ushahidi wa haki kabla sumu haijamfikia.

Tuanze na nasaba, maana muungwana huulizwa kwanza ukoo wake ndipo atandikiwe mkeka. Panya mweusi, huyu mwenye mkia mrefu kupita kiwiliwili, akaaye darini mchana na kushuka jikoni usiku, asili yake ni Bara Hindi, naye alifika pwani ya Afrika Mashariki kwa vyombo vya tanga, abiria asiyelipa nauli wala asiyelalamikia mawimbi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameikuta mifupa yake Unguja Ukuu, bandari iliyostawi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa hiyo ukaazi wake katika nchi yetu ni wa kale kuliko wa koo nyingi zinazojigamba barazani kwa ukale wao. Kutoka pwani alifuata nafaka, nayo nafaka ilifuata njia za misafara, kisha ikafuata reli iliyofika Morogoro mwaka 1907. Watu huuita mji huu mji kasoro bahari, wakimaanisha kwamba milima ya Uluguru, mito yake na matunda yake vimetosheleza kila haja isipokuwa hiyo moja. Nami nasema kwamba bahari kweli hatuna, lakini baharia tunaye, tena yumo humu humu ndani.

Baada ya nasaba huja ilimu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki mwaka huo huo kwa ajali ya gari akiwa njiani mkoani hapa, kina kituo ambacho kazi yake ni kuwachunguza wanyama waharibifu, na miongoni mwa waharibifu hao panya ndiye anayekaa kiti cha mbele. Kwa miaka mingi wanachuo wamewanasa panya wa mashambani, wakawatia alama, wakawaachia, wakawanasa tena, hata wakapata kujua kwamba panya jike wa shamba huweza kuwa na chuchu jozi kumi na mbili na kuzaa watoto kumi na zaidi kwa uzazi mmoja, na kwamba mvua za mwanzo wa msimu zikinyesha kwa wingi, mkulima na atazamie jeshi kubwa miezi ya mbele. Ni nani miongoni mwetu, hata wenye jaha na vyeo, ambaye serikali, chuo na mataifa ya ng'ambo yamejishughulisha kuhesabu watoto wake kwa uangalifu kama huo?

Wala panya hakuridhika kuwa kitabu cha kusomwa; yeye mwenyewe ameingia darasani. Binamu yake panya buku, mwenye uzito unaopita kilo moja na mifuko mashavuni ya kuwekea akiba, amekuwa mwanafunzi wa shirika la APOPO, lililoasisiwa na Wabelgiji mwaka 1997 na kuweka makao yake katika chuo hiki tangu mwaka 2000. Hufundishwa kwa mlio mdogo wa kubofya na kipande cha ndizi mbivu, akasoma kwa muda wa miezi tisa hivi, akafanyiwa mtihani ambao hauna karatasi wala nafasi ya kuchungulia ya mwenzake, na akifaulu hupelekwa Angola au Kambodia, kama zamani alivyopelekwa Msumbiji, kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini, ambako wepesi wa mwili wake humwezesha kutembea juu ya bomu bila ya kulilipua. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, akiwa panya wa kwanza kuipata. Akastaafu mwaka uliofuata, akafariki Januari 2022 baada ya kufichua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya mia moja. Wenziwe waliobaki nyumbani hunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, kazi iliyoanza mwaka 2007, na mmoja wao hupitia sampuli mia moja kwa dakika ishirini, ilhali fundi wa maabara mwenye hadubini huhitaji siku kadhaa, na mara nyingi panya huwaona wagonjwa ambao zahanati ilikwisha kuwaambia waende nyumbani, hawana neno.

Hapo ndipo ionekanapo dhuluma ninayoishtakia. Binamu aendaye ng'ambo hupewa ndizi na nishani. Yule aliyebaki kutunza ukoo hutegewa mtego wenye dagaa. Na maulamaa wetu, wawezao kumfundisha panya kutambua baruti chini ya udongo wa Kambodia, hawajaweza kumfundisha panya wa jikoni mwao kutambua kwamba sufuria ya wali ina mwenyewe. Sisemi hivi kwa kuwacheka. Nasema ili ijulikane kwamba palipo na mwalimu hodari na mwanafunzi hodari, na mwanafunzi akakataa kusoma, huenda mwanafunzi ndiye aliyekwisha kuhitimu.

Lakini fadhila kubwa ya panya haimo chuoni, imo mitaani. Katika mitaa inayopakana na chuo nyumba nyingi ni za kupanga. Vyumba vimekaa mstari mmoja, kila chumba na mlango wake, kufuli yake na mita yake ya umeme, hata mtu huweza kumaliza miaka mitatu ya masomo bila ya kujua jina la anayekohoa upande wa pili wa ukuta. Fundi, hata hivyo, kwa kubana matofali, alizipandisha kuta za kati hadi usawa wa dari akaona inatosha, na juu ya dari akaacha barabara moja iliyonyooka kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Huko chini mwanafunzi wa mifugo hamjui muuguzi, na muuguzi hamjui karani; huko juu yuko anayewajua wote, anayejua nani amepokea fedha za mkopo na kuhama kutoka mihogo kwenda wali, nani ameanza kufunga kitoweo katika mfuko wa nailoni ili asiombwe, na nani huwaambia wenzake kwamba hana unga ilhali gunia liko mvunguni.

Wala hajui tu, bali huunganisha. Palikuwa na wapangaji wawili walionuniana kwa sababu ya bili ya maji, wakapitana uani msimu mzima wa masika bila ya salamu, na mjumbe wa nyumba kumi aliwasuluhisha hata akachoka. Kisha panya akala sumu chumba kimoja akaenda kufia juu ya kingine. Ikatoka harufu ambayo kila mmoja alidai ni ya samaki wa mwenziwe, mpaka siku ya nne wakaazima ngazi na tochi wakapanda pamoja, mmoja akishika ngazi na mwingine akipapasa darini, nao hawakuweza kushirikiana katika jambo hilo bila ya kusemezana. Walishuka wamekwisha kupatana. Maiti huyo mdogo, asiyeitisha kikao wala kudai posho, alitimiza lililowashinda wazee.

Na tazameni alivyotufunza adabu ya kuazimana. Paka aliye hodari katika mtaa wetu ni wa mama mmoja muuza vitumbua, na kijana akipiga hodi alfajiri na kusema, "Shikamoo mama, nimekuja kumwomba paka," hujibiwa, "Marahaba mwanangu, leo yuko kwa Daktari, kesho yuko kwa mwenye nyumba, wewe njoo Alhamisi." Hivyo paka amezunguka nyumba zote, akalishwa dagaa katika kila nyumba kwa takrima ya mgeni, akanenepa, akaacha kazi; lakini mlango uliobishwa kwa ajili yake haukusahau tena njia ya kubishwa. Mchuuzi wa dawa naye, apitaye na kipaza sauti akitangaza dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto, husomesha watoto wake kwa jasho la panya, na nguvu ya dawa yake ni ya kadiri njema, isiyomkatia mteja haja ya kununua tena.

Hata haki katika elimu panya ameisimamia. Mahali pengine mwanafunzi akimwambia msimamizi wake kwamba utafiti wake umeliwa na panya, huhesabiwa mwongo na kufukuzwa ofisini. Morogoro msimamizi huomba aletewe karatasi zenyewe, akavaa miwani, akatazama alama za meno, akataja aina ya panya na umri wake, kisha akauliza kwa upole ni kwa nini panya mzima wa umri huo alianzia kula sura ya nne ambayo haijawahi kuandikwa.

Wako watakaoleta hoja, nami siwaogopi. Watasema kwamba panya hutafuna vitu asivyovila, sabuni, waya na kanzu ya Ijumaa. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na asipoyasaga kwa kutafuna yatamzuia kula, kwa hiyo atafunapo kanzu hutimiza faradhi ya mwili, wala hana kinyongo na mwenye kanzu. Watasema huuma. Kweli huuma, lakini huuma na kupuliza, jamala ambayo wenye nyumba wapandishao kodi hawajapata kuiiga. Watasema kwamba watafiti wamekadiria hasara ya mahindi inayoletwa na panya katika Tanzania kuwa yapata asilimia 15 kwa mwaka; najibu kwamba ni ushuru mkubwa, ila ni ushuru ambao mtozaji wake huja mwenyewe usiku, kwa miguu, bila ya gari la serikali wala dereva. Watataja tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980, na hapo nitainamisha kichwa kwa waliofiwa, nikiongeza tu kwamba mwenye kuhamisha ugonjwa kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni kiroboto, ambaye hakualikwa na panya wala na mtu.

Imebaki fadhila moja, nayo ni mahubiri yake juu ya umoja. Wanachuo wamethibitisha, na kila mwenye shamba ameona, kwamba mtego wa mtu mmoja ni kazi bure, kwa kuwa panya aliyefukuzwa huku huhamia kule, na shamba lililosafishwa peke yake hujaa tena kutoka mashamba ya pembeni. Ila watu wakitega wote, kwa pamoja, katika siku zile zile, ndipo idadi hupungua kweli. Jambo hilo lilielezwa katika mkutano wa mtaa wetu na kijana wa chuo, kwa Kiswahili safi na michoro, likapigiwa makofi, na siku ikapangwa ya kila nyumba kuziba mashimo na kutega. Siku ilipofika kila mmoja alisubiri kusikia nyundo ya mwenziwe kwanza, akihofu kuonekana mwenye haraka, na jioni ilipoingia kila mmoja alimlaumu jirani kwa uvivu. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Wahenga hao hawakupata kupanga chumba karibu na chuo kikuu, maana hapa mashimo yamechimbwa, tena kwa ufundi wa kupendeza, na lililoshindikana ni kuyaziba, nao walioshindwa kwa wingi wao hawakuwa panya.

Basi msomaji akipita akaniona nimechuchumaa na saruji na vipande vya chupa, nikiliziba shimo la chumba changu peke yangu, asidhani nimewakana wote niliowasifu. Ni insafu tu inayonituma, kwani haifai mtu mmoja kuhodhi jirani mwenye nasaba, ilimu na fadhila kama hizi, huku wa chumba cha pili wakimkosa. Na tangu jana usiku, kwa sauti ninazozisikia ukutani, nadhani wameanza kumfaidi.